Goli la Aziz Ki na jicho la kamera: Kwa nini marudio ya video hayajamaliza ubishi

Usiku wa tarehe 5 Aprili 2024, kuanzia Dar es Salaam mpaka vijiji kama Ipole kule Sikonge, mkoani Tabora, mashabiki wa Yanga waliruka kwa pamoja. Sekunde chache baadaye wakakaa.

Stephane Aziz Ki alikuwa ameachia shuti la mbali kwenye uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria. Mpira ukagonga mtambaa panya kwa chini, ukadunda pale pale penye mstari wa goli, ukarudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga wakanyoosha mikono juu. Refa Dahane Beida wa Mauritania akaacha mchezo uendelee, na chumba cha VAR nacho hakikubadilisha kitu.

Dakika 90 zikaisha 0-0, sawasawa na zile za Dar es Salaam za tarehe 30 Machi. Ikaja mikwaju ya penalti, Mamelodi Sundowns wakashinda 3-2 na kwenda nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Yanga wakapanda ndege kurudi nyumbani, na klabu ikapeleka malalamiko CAF.

Mpaka leo ukitaka kuanzisha ubishi kwenye kibanda umiza chochote, sema tu, "lile lilikuwa goli" au "lile halikuwa goli". Utapata watu.

Lakini swali kubwa zaidi huwa halijibiwi. Kama kamera zilikuwepo, na waamuzi wa video walikuwepo, ilikuwaje nchi nzima ikabaki haijui kilichotokea?

Goli ni nini, kwa sentimita

Sheria ni fupi: mpira WOTE uvuke mstari WOTE. Ugumu umo kwenye hilo neno "wote".

Mpira wa miguu una upana wa kama sentimita 22. Mstari wa goli unaruhusiwa kuwa na upana usiozidi sentimita 12. Mpira ukiwa chini, sehemu inayogusa nyasi ni ncha ndogo iliyo katikati yake. Kwa hiyo ile ncha inaweza kuwa imegusa nyasi ndani ya goli kabisa, sentimita 5, 8, hata 10 nyuma ya mstari, na bado lisiwe goli, kwa sababu tumbo la mpira bado liko juu ya mstari.

Ndiyo maana ile hoja ya "mbona naona nyasi kati ya mpira na mstari?" haitoshi. Nyasi zinaweza kuonekana na goli lisiwepo. Ili liwe goli, katikati ya mpira lazima pawe pamepita ukingo wa ndani wa mstari kwa sentimita 11 au zaidi.

Sasa ongeza kasi. Televisheni ya kawaida hupiga picha 25 kwa sekunde. Mpira unaodunda kutoka kwenye mwamba kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa husafiri kama sentimita 67 kati ya picha moja na inayofuata. Picha ya kwanza mpira uko juu hewani, ya pili tayari umedunda na unatoka. Ile nukta yenyewe, ambayo ndiyo kesi nzima, inaweza isiwemo kwenye picha yoyote. Kamera za kasi kubwa hupunguza tatizo hili, ila lazima ziwepo, na ziwe zimeelekezwa pale.

Klipu ya kwenye simu inavyodanganya

Usiku ule klipu zilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka bando za watu zikakata. Nyingine zilikuwa na mstari mwekundu uliochorwa na mtu asiyejulikana, kwa programu isiyojulikana. Wa Yanga walikuwa na picha yao. Waliowacheka walikuwa na ya kwao.

Zote mbili zaweza kuwa picha halisi. Tofauti ni pale kamera iliposimama.

Kamera ikiwa upande wa uwanjani na juu, kama zilivyo kamera nyingi za televisheni, mpira ulio hewani huonekana uko mbali zaidi kuliko ulipo. Kwa hiyo huonekana umeingia ndani zaidi ya goli. Kamera ikiwa nyuma ya goli, mambo hugeuka: mpira ule ule huonekana umebaki uwanjani. Jaribu na chungwa juu ya meza. Linyanyue kidogo, lisogelee kwa jicho upande huu, kisha upande ule, na utaona linavyohama bila kuhama.

Picha inayofaa kuamua goli ni moja tu, ile ya kamera iliyokaa kwenye mstari wenyewe, ikitazama kutoka nguzo hadi nguzo. Ukitumiwa klipu, kabla hujamtukana mtu tazama kwanza nguzo mbili za goli. Kama nguzo ya karibu haijaifunika ile ya mbali, kamera haipo kwenye mstari, na hiyo klipu haiwezi kukuhakikishia kitu cha sentimita chache.

Na video ya WhatsApp imeshabanwa ili iwe nyepesi. Ukiikuza, unakuza ukungu.

Kuna saa inayotetemeka, ila haikuwepo

Ulaya tatizo hili lilipewa dawa yake peke yake, mbali na VAR. Tarehe 27 Juni 2010, kwenye Kombe la Dunia kule Bloemfontein, shuti la Frank Lampard wa England liligonga mwamba likadunda ndani kabisa ya goli la Ujerumani. Refa hakuona. Miaka miwili baadaye watunga sheria za soka, IFAB, waliruhusu teknolojia ya mstari wa goli, na Kombe la Dunia la 2014 likaitumia.

Mfumo unaojulikana zaidi, Hawk-Eye, hufunga kamera saba kwa kila goli. Kompyuta inapiga hesabu ya mahali mpira ulipo, na ukivuka wote, saa ya refa inatetemeka ndani ya sekunde moja. Hakuna mtu wa kubishana naye.

Loftus usiku ule hapakuwa na teknolojia hiyo. Palikuwa na VAR, yaani watu walioangalia picha zile zile za televisheni. Mashabiki wengi walidhani ni kitu kimoja, na hapo ndipo hasira ilipozidi: "mashine imesema nini?" Hakukuwa na mashine ya kusema.

Hata hivyo saa nayo hulala. Tarehe 17 Juni 2020 kipa wa Aston Villa alidaka mpira wa Sheffield United akaingia nao golini, kila mtu akaona, saa ya refa ikakaa kimya. Kamera zote saba zilikuwa zimezibwa na miili ya wachezaji na nguzo. Hawk-Eye wakaomba radhi. VAR nayo haikuingilia. Mechi iliisha 0-0, na mwisho wa msimu Villa walinusurika kushuka daraja kwa pointi moja.

VAR inaruhusiwa kugusa nini?

VAR iliingia rasmi kwenye sheria za soka Machi 2018, na Kombe la Dunia la Urusi likaitumia mwaka huo huo. Barani kwetu, AFCON ya 2019 iliitumia kuanzia robo fainali.

Kazi yake ilianza na mambo manne tu: goli au si goli, penalti au si penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na refa kumpa kadi mtu ambaye siye. Kona iliyotolewa kimakosa? Haikuwemo. Rafu ya katikati ya uwanja? Haimo. Kadi ya pili ya njano nayo haikuwemo kwenye hayo manne.

Halafu kuna sharti linalosahaulika. Refa huamua kwanza. Waliopo chumbani wanakagua kila kitu kimyakimya, lakini wanamwita pale tu wanapoona kosa la wazi na dhahiri. Picha zikiwa na utata, uamuzi wa uwanjani unabaki ulivyo.

Yaani VAR haiulizi "ukweli ni upi?" Inaulizwa "je, tuna uhakika kwamba refa amekosea?" Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Kwa goli la Aziz Ki refa alishaacha mchezo uendelee, kwa hiyo waamuzi wa video walitakiwa kuwa na picha inayothibitisha kwamba mpira wote umevuka. Refa angekuwa amepuliza goli, wangehitaji picha ya kuthibitisha haukuvuka. Inawezekana kabisa kwamba kwa picha zile zile, majibu yote mawili yangesimama.

Hilo linauma, lakini ndivyo mfumo ulivyoandikwa.

Wamarekani na machozi ya Jim Joyce

Mchezo uliohangaika sana na jambo hili ni besiboli. Huku kwetu wachezaji wake ni wachache, ingawa Dar es Salaam kuna uwanja wake pale Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa 2018. Kwa Marekani ni mchezo wa taifa.

Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, mrushaji anayeitwa Armando Galarraga alikuwa anakaribia kitu adimu mno: kuwatoa wapigaji wote 27 mfululizo bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Katika historia yote ya ligi kuu ya Marekani ilikuwa imetokea mara 20 tu.

Alishatoa 26. Wa 27 akapiga, akakimbia. Mpira ukamfikia Galarraga kwenye kituo kabla ya mkimbiaji. Uwanja mzima ukaanza kushangilia. Mwamuzi Jim Joyce akafungua mikono: amefika salama.

Marudio yalionyesha amekosea, tena bila utata wowote. Lakini wakati ule sheria iliruhusu video kwa jambo moja tu, mpira uliopigwa kuelekea nje ya uzio, utaratibu ulioanza Agosti 2008. Joyce hakuweza kuangalia. Aliangalia baada ya mechi, akiwa chumbani, na akatoka analia na kumwomba kijana msamaha. Kesho yake Galarraga ndiye aliyempelekea karatasi ya majina ya wachezaji kabla ya mechi, wakapeana mikono. Mkuu wa ligi alikataa kubadili matokeo.

Mwaka 2014 sheria ikapanuliwa sana. Mechi zote za ligi, za nchi nzima, zinatazamwa na waamuzi waliokaa kwenye chumba kimoja New York. Na kuna kitu ambacho soka haikukichukua: kocha ana haki ya kupinga. Anayo nafasi yake, akiitumia na akawa sahihi anabaki nayo, akikosea imeenda. Kila timu ina mtu wake ndani anayeangalia video haraka haraka na kumpigia kocha simu: pinga, au acha.

Kwenye soka mchezaji akizidi kumchorea refa alama ya televisheni hewani, anakula kadi ya njano.

Kitu cha pili ni jinsi jibu linavyotolewa. Besiboli ina majibu matatu. "Imethibitishwa" maana yake video inaonyesha mwamuzi yuko sahihi. "Imebatilishwa", amekosea. Na la katikati, "inasimama": video haikutosha, kwa hiyo tunabaki na alichosema wa uwanjani. Tangu 2022 mwamuzi mkuu huwatangazia mashabiki kwa kipaza sauti.

Hilo la katikati ndilo lililokosekana Pretoria. Je, waamuzi waliona kwamba mpira haukuvuka, au hawakuweza kuona? Hakuna aliyesimama uwanjani kutangaza, na kimya kile kikajazwa na kila aina ya maneno. Wengine wakakumbusha kwamba Patrice Motsepe, rais wa CAF, ni yule yule aliyeijenga Sundowns kabla ya uongozi wa klabu kwenda kwa mwanawe. Ushahidi kwamba jambo hilo liligusa uamuzi haukuwekwa mezani na yeyote. Lakini palipo na kimya, watu hawasubiri ushahidi.

FIFA yenyewe iliona tatizo. Kwenye Kombe la Dunia la Wanawake la 2023 marefa walitangaza maamuzi ya VAR kwa spika za uwanja.

VAR ikikosekana, nani analia?

Ni rahisi kusahau kwamba upande mwingine wa shilingi ulishawahi kutuangukia sisi.

Tarehe 17 Aprili 2022, robo fainali ya Kombe la Shirikisho, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Bernard Morrison wa Simba akaanguka kwenye boksi la Orlando Pirates, penalti, Shomari Kapombe akafunga, 1-0. VAR haikufanya kazi siku hiyo. Kocha wa Pirates, Mandla Ncikazi, alitoka amefura, akilalamika mbele ya kamera kwamba haiwezekani hatua kama ile ichezwe bila VAR. Msimbazi walimwona mlalamishi. Pirates walikuja kupita kwa penalti kwao.

Kibaya zaidi kilitokea Tunisia tarehe 31 Mei 2019, fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa, Espérance na Wydad Casablanca. Wydad wakasawazisha, goli likakataliwa, wakaomba VAR. VAR ilikuwa haifanyi kazi. Wydad wakagoma kucheza, mechi ikasimama zaidi ya saa nzima, Espérance wakapewa kombe, na kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Goli lenyewe lilionekana halina tatizo kwa waliotazama marudio nyumbani.

Halafu Zanzibar. Tarehe 25 Mei 2025, Simba dhidi ya RS Berkane, fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho, New Amaan. Simba walikuwa wamefungwa 2-0 Morocco. Joshua Mutale akafunga la kwanza mapema. Kipindi cha pili Steven Mukwala akatia la pili, na uwanja ukatikisika: 2-2 kwa jumla. VAR ikasema kulikuwa na kuotea, goli likafutwa. Mwishoni Berkane wakasawazisha na kubeba kombe kwa jumla ya 3-1.

Wale waliocheka 2024 wakanuna 2025, na kinyume chake. Ukikaa kibandani ukasikiliza, VAR ni ya haki siku inapomfutia jirani.

Ligi Kuu: marudio yapo, refa hayaoni

Hapa ndipo jambo linapofika Tabora.

Ligi Kuu ya NBC ina timu 16 na mechi 240 kwa msimu. Azam Media ilisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa Sh225.6 bilioni kuonyesha ligi hiyo. Mtu wa Ipole, ambako zamani habari ya pwani ilifika kwa miguu ya wapagazi baada ya miezi, leo anaona rafu ya Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ikirudiwa mara tatu kabla refa hajamaliza kuandika jina kwenye kadi. Mwenye king'amuzi anajua. Mwenye simu anajua. Anayetakiwa kuamua ndiye pekee asiyejua.

Kisha marudio yale yale yanamrudia. Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi, ile iliyozoeleka kwa jina la Kamati ya Saa 72, hukaa na kupitia matukio, na mara kwa mara hutangaza kwamba mwamuzi fulani amefungiwa raundi kadhaa kwa kushindwa kutafsiri sheria. Matokeo ya mechi huwa yamebaki yale yale. Timu iliyoonewa haipati pointi yake, na refa anakosa posho ya mechi kwa kitu ambacho kila mtu alionyeshwa isipokuwa yeye.

Video kwetu imekuwa shahidi wa mashtaka. Haijawahi kuwa miwani.

Serikali ilishaonyesha nia. Kwenye bajeti ya 2024/25, miezi miwili tu baada ya Pretoria, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba alipendekeza msamaha wa kodi kwa vifaa vya VAR. Kodi ikiondoka, mzigo mwingine unabaki. Ligi haiwezi kuamka asubuhi na kuanza VAR. Lazima ipite kwenye mpango wa FIFA na kupata kibali. Waamuzi wa video wafundishwe na kupimwa kwa muda mrefu. Kila uwanja uwe na kamera za kutosha, zikae sehemu zinazojulikana, mawasiliano yasikatike, umeme usiyumbe. Na ni lazima iwe kwa mechi zote. Ukiiweka kwenye mechi za Simba na Yanga tu, timu ya mkoani iliyofungwa kwa goli la mkono itauliza kwa haki kabisa: kwani pointi zetu ni za karatasi?

Njia ya bei nafuu

Kuna kitu kipya ambacho kingestahili kuzungumzwa zaidi Tanzania kuliko VAR yenyewe. FIFA inakiita FVS.

Hakina chumba cha video wala waamuzi wa ziada wa kukagua. Kinahitaji kamera chache, hata nne au tano, skrini moja pembeni ya uwanja, na fundi wa kumrudishia refa picha. Matukio ni yale yale manne ya VAR.

Anayeanzisha ni kocha, kama kwenye besiboli. Anazungusha kidole hewani na kumpa mwamuzi wa akiba kadi ya ombi. Ana maombi mawili kwa mechi. Refa anakwenda kwenye skrini, anatazama mwenyewe, anaamua mwenyewe. Kocha akiwa sahihi ombi linabaki, akikosea limekwisha. Goli likifungwa, mwamuzi wa akiba ndiye anayeangalia kama lina kasoro ya wazi.

Kilijaribiwa kwenye Kombe la Dunia la Wanawake chini ya miaka 20 kule Colombia mwaka 2024, na msimu wa 2025/26 Serie C ya Italia, yaani daraja la tatu, ikaanza kukitumia. Hizo ni mechi zenye kamera zisizozidi sana zile zinazoletwa kwenye mechi ya Ligi Kuu yetu.

Faida yake ya kwanza ni kwamba lawama zinagawanyika. Kocha aliyemaliza maombi yake dakika ya 20 kwa kulalamikia kila kitu hatakuwa na la kusema dakika ya 88. Ya pili, refa anaona anachoona shabiki, kwa wakati ule ule.

Kuna hasara pia. Kocha anaweza kuliomba kwa ajili ya kupoteza muda tu, timu yake ikiwa inaongoza. Na kamera nne hazitaona kila kitu. Fikiria mechi ya Tabora, timu ya nyumbani, iliyowahi kuitwa Tabora United na sasa inaitwa TRA United, inapiga shuti linalogonga mwamba na kudunda kwenye mstari. Kocha anazungusha kidole. Refa anakimbilia skrini. Anaonyeshwa picha ya kamera ya jukwaani, ile ya juu upande wa uwanjani, inayofanya kila mpira uonekane umeingia. Kamera ya kwenye mstari haipo.

Hapo refa atarudi uwanjani na uamuzi wake wa mwanzo. Ila safari hii kocha, wachezaji na jukwaa zima watakuwa wamemwona akitazama, na anaweza kupewa kipaza sauti aseme maneno mawili ambayo Pretoria hayakusemwa: "picha haitoshi."